Saa ya Kuchuma Asumini

Mimi nina kiherehere, na nalisema mwenyewe kabla majirani hawajanisemea. Miaka thelathini na mmoja ya kufundisha shule za msingi imenizoesha kuona kosa na kulisahihisha palepale, kwa wino mwekundu, bila kumuuliza mwenye daftari. Nimestaafu, lakini mkono haujastaafu. Kwa hiyo jirani yangu Bi Mahfudha aliponikabidhi mwasumini wake, alikuwa amemkabidhi fisi bucha. Yeye hakulijua hilo, na kusema kweli hata mimi sikulijua.

Tunakaa Tandika, Temeke, nyumba zetu zimetenganishwa na uchochoro mmoja. Mumewe, Mzee Awadh, alikuwa na duka la vitambaa pale sokoni. Ni watu wa asili ya Kiarabu, waliotokea Pangani. Mimi ni Tupokigwe, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani, mjane niliyehamia mtaa huu miaka kumi na mmoja iliyopita. Kilichotukutanisha ni chakula. Wiki yangu ya kwanza aliniletea sambusa kwenye bakuli, nami nikalirudisha likiwa na parachichi, kwa sababu mama mmoja alikuwa ameshaninong'oneza kwamba huku pwani bakuli la jirani halirudi tupu. Tangu hapo mabakuli yetu hayakupumzika.

Januari, Mzee Awadh alifariki. Bi Mahfudha akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila hina, bila wanja, bila nguo ya kung'aa. Wapo wanaoishika eda kijuujuu. Yeye aliishika hasa, hata barazani hakutoka.

Sasa, chini ya dirisha la chumba chake, upande wa mbele, ndipo uliposimama ule mwasumini. Mzee Awadh aliuleta kijiti tu kutoka kwa mama yake Pangani, mwaka aliooa, akakichomeka pale. Ulikuwa na mashina matano, umepanda mpaka kwenye nondo za dirisha. Kila siku baada ya sala ya alasiri mzee alikuwa akipita nyumbani, anachukua kisahani cha chai, anachuma vitumba vya asumini vikiwa bado vimefumba, kisha anaingia ndani na kuviweka kwenye mto wa mkewe. Asumini hufunuka jua likizama. Ukichuma iliyokwisha kufunuka umechelewa, haifiki usiku. Miaka thelathini na minne alifanya hivyo. Mimi nilikuwa nikimwona kutoka jikoni kwangu, na nilikuwa nikijitia sioni.

Siku ya kumi ya eda Bi Mahfudha akaniita dirishani.

"Mwalimu, nikuombe jambo," alisema nyuma ya wavu. "Hizi asumini zikifunuka harufu yote inanijia kitandani. Si dhambi kuinusa ikipita, lakini mie nimo edani, naona kama najinukisha kwa wizi. Nichumie kila siku alasiri kabla hazijafunuka. Peleka kwako, tupa, fanya upendavyo."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Ikawa kila saa kumi natoka na kisahani changu. Kitumba kilichokomaa kinakuwa cheupe chote, kimevimba, mdomo umefungwa. Chenye ukijani unakiacha kwa ajili ya kesho. Kwenye mti mkubwa kama ule kazi inakula nusu saa nzima. Muda wote huo Bi Mahfudha alikaa upande wa pili wa pazia akizungumza. Mara Yazid, mwanawe, anapanga duka ovyo, khanga na mapazia pamoja. Mara mzee alivyowahi kupotea Kigamboni akitafuta kiwanja cha bei rahisi, akarudi na mbuzi. Mimi nikimjibu "eee" na "kumbe", macho yangu yakiwa kwenye matawi.

Maana nilikuwa nimeshaona kosa. Mwasumini ulikuwa mzee. Chini miguu mitupu, katikati vijiti vikavu, majani yote yamekimbilia juu. Mimi nimelelewa kwenye kahawa. Kwetu mkahawa ukifikia hali ile ni aibu ya mwenye shamba. Baba alikuwa anaukata karibu na goti, mkato wa mshazari ili maji ya mvua yateleze, anauachia tawi moja tu la kupumulia, na mwaka unaofuata unachipua kijana. Nikapiga hesabu zangu. Mti ukikatwa sasa hautatoa ua eda yote, kwa hiyo harufu haitakuwepo kabisa. Akitoka eda ataukuta mchanga, umetononoka. Na mimi nitapumzika na mambo ya kisahani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kumuuliza mtu aliye msibani ni kumsumbua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijiona nina akili kuliko mtaa mzima.

Nilikuwa nimechuma siku tisa. Siku ya kumi, asubuhi, Yazid akiwa ameshaenda dukani na Bi Mahfudha amejilaza kidogo, nikaingia na panga na msumeno. Saa moja ilinitosha. Nilipofika tawi la mwisho, lile la kupumulia, nilisita. Lilikuwa na vitumba saba au vinane. Nikiliacha litanukia, na mwenyewe kasema hataki kunukia. Nikalikata nalo. Nikafagia majani, nikafunga matawi kwa kamba, halafu nikagonga dirisha, kama mtoto aliyekuwa wa kwanza kumaliza jaribio, anayengoja kuandikiwa vema.

Pazia likafunguka. Bi Mahfudha alitazama vile visiki vitano. Alivitazama muda mrefu. Nikaanza kumweleza habari za baba na kahawa, mkato wa mshazari, tawi la kupumulia na sababu iliyonifanya nilikate hata hilo. Nilikuwa bado naeleza aliposhusha pazia taratibu. Nilisikia kitanda kikilia alipokaa.

Jioni Yazid alirudi. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, ana upara wa baba yake. Akaniamkia kama kawaida, nikaitikia marahaba, ndipo macho yake yakaanguka chini ya dirisha.

"Mwalimu," akasema, "mzee alikuwaga hamruhusu hata fundi rangi kuugusa huu mti. Hata mie mwanae sijawahi kuukata."

Hakufoka. Angefoka ningejua namna ya kumjibu. Nikamwambia kwa sauti yangu ya darasani kwamba wiki tatu hazitapita atauona umechipua, aje anishukuru.

Wiki tatu zikapita. Visiki vikageuka rangi ya majivu. Kila asubuhi nilichungulia, na kila asubuhi palikuwa vilevile. Dirishani pazia halikufunguka tena nikiwa pale.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza ya mfungo nilipika magimbi ya nazi, ambayo kila mwaka Bi Mahfudha alikuwa akiyaulizia mwezi mzima kabla. Magimbi yenyewe kaka yangu alikuwa ameyatuma kwa basi kutoka Tukuyu. Niliyajaza kwenye bakuli langu la bluu, nikampa Yazid mlangoni kabla ya adhana. Kesho yake asubuhi bakuli likarudi. Limeoshwa, limekaushwa, tupu.

Nilisimama nalo mlangoni nikaligeuza, kana kwamba kuna kitu kimejificha chini yake. Miaka kumi na mmoja. Hata mwaka ule wa mafuriko, unga ulipokosekana, bakuli lilirudi na ndimu mbili. Niliumia, lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilijua kabisa nimetiwa alama ya sifuri, na aliyeitia alikuwa na haki.

Nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Niliamua kudanganya. Bi Mahfudha hatoki nje mpaka mwisho wa Mei, anautazama mti kwa dirishani tu. Nikipata mwasumini mwingine mkubwa, nikaung'oa ule uliokufa na kuuchomeka huo, nani atajua? Nikakata kipande kidogo kwenye kisiki kimoja ili nilinganishe aina, maana asumini zina aina zake, nikaenda mpaka Mbezi Beach, kule wauza maua wanakopanga miche kando ya barabara.

Niliangukia kwa mtu mmoja anaitwa Marselino, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya soka na kucha zilizojaa udongo. Alikuwa na mabogenvilia ya rangi zote, mawaridi ya jangwani yenye matumbo kama mitungi, na nyuma kabisa miasumini mitatu. Akaniuliza naitaka ya nini. Nikamdanganya. Akaniuliza tena, akinitazama kama daktari anayejua mgonjwa ameshapita kwa mganga, na mimi nikajikuta namwaga yote, kuanzia kisahani mpaka bakuli.

Akachukua kile kipande cha kisiki, akakikwangua gamba kwa ukucha. Chini palikuwa na kijani, chenye majimaji.

"Mama angu, huu mti unaishi," akasema. "Ila umeushtua. Umeunyima hata pua ya kuvutia pumzi, sasa ndo unajikusanya. Mie nikikuuzia mwingine nakuibia. Na huyo bibi huwezi kumbadilishia. Mtu kanusa ua moja miaka thelathini na nne, we unadhani hajui la kwake?"

Nilikasirika. Tangu lini muuzaji anamkatalia mteja? Lakini alikataa katakata, na badala yake akanifundisha, na mimi nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikasikiliza kama mwanafunzi wa chekechea. Kisiki kisicho na majani hakinywi, alisema, kwa hiyo usikizamishe kwenye maji. Mizizi ikioza ndiyo itakuwa msiba wa kweli. Masika yanakuja, chimba njia ya maji. Samadi iliyooza iwe kidogo na mbali na shina. Mbolea ya dukani usiguse, utapata majani ya kulishia mbuzi. Vikichipua na kufikisha majani pea nne, finya ncha, kila ncha itazaa mbili, na ua la asumini hutoka kwenye ncha changa.

Akaniuliza bibi anatoka eda lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole.

"Vikiamka kabla ya Pasaka utapata vichache. Vingi usitegemee."

Nilirudi Tandika na kiroba cha samadi na aibu yangu. Kesho yake mvua ya kwanza ilishuka, nayo haikuwa na utani. Tandika yetu mnaijua, maji yakikosa njia yanaingia sebuleni na kukaa kwenye kochi. Maji yalianza kutuama palepale kwenye visiki. Nikatoka na jembe, nikajifunika mfuko wa plastiki kichwani, nikachimba mfereji kutoka chini ya dirisha mpaka kwenye mtaro wa barabarani, nikipiga magoti kwenye tope. Nilipoinua kichwa niliona pazia limesogea upana wa kidole. Nikaendelea kuchimba.

Siku nne baadaye kisiki cha katikati kilitoa jicho. Doa la kijani, dogo kuliko punje ya mtama, pembeni ya gamba. Nilivua miwani nikaifuta, nikavaa tena. Baadaye likatoka la pili, kisha kisiki cha pembeni nacho kikaamka. Niliwahi kupata cheti cha mwalimu bora wa kata, na sikufurahi kama asubuhi ile.

Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu nikakuta jicho moja limeliwa, na ute unang'aa kwenye kisiki. Konokono. Masika ya Dar yanawatoa konokono wakubwa kama ngumi, na wanapenda kichanga cha mti kuliko kitu chochote. Ikawa kazi yangu kila alfajiri, Yazid akirudi msikitini ananikuta nimechuchumaa na ndoo yenye maji ya chumvi, naokota konokono mmoja mmoja. Siku za mwanzo alipita na salamu tu. Wiki ya pili akaanza kuchuchumaa nami dakika tano kabla ya kwenda kulala kidogo. Hatukuzungumza sana. Aliniambia tu kwamba mama hali daku, anakunywa maji na tende moja.

Idd ikafika. Nyumba yao haikuwa na shangwe mwaka ule, hata hivyo sahani za pilau zilitoka kwenda kwa majirani. Kwangu haikuja. Nikala ugali wangu na mlenda, nikajiambia sijali, na nilikuwa najali sana.

Katikati ya Aprili vichipukizi vilifika pea nne za majani. Visiki vitatu ndivyo vilivyoamka; viwili havijaamka mpaka leo. Alasiri moja mvua ilipopumzika nikachukua mkasi mdogo, nikaanza kukata ncha kama Marselino alivyoniambia.

"Unafanya nini?"

Nusura nikalie kisiki. Ilikuwa zaidi ya miezi miwili sijaisikia ile sauti. Nikamweleza bila kuinua macho kwamba napunguza ncha ili kila moja itoe mbili.

"Awadh alikuwa akifinya kwa kucha ya kidole gumba," akasema. "Chuma hakukitumia."

Nikaweka mkasi chini. Nikafinya kwa ukucha. Kwa kweli inakatika vizuri zaidi.

Niliendelea kufinya mpaka nikadhani ameondoka. Kisha akauliza, "Mwalimu, kwa nini?"

"Ulisema hutaki harufu."

"Nilisema zichume. Ningetaka ukatwe, si nina mtoto mwanamume humu ndani?" Akavuta pumzi. "Ile saa kumi ilikuwa saa yake. Toka ameondoka, ikifika, najikuta nategea masikio hapa dirishani. Nilitaka kwenye saa ile pawe na mtu hapo nje, anachuma. Basi. Zile siku tisa ulizokuja, alasiri zilikuwa zinapita."

Miaka thelathini na mmoja niliwaambia watoto wa watu wasome swali mpaka mwisho kabla ya kujibu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amenizungumzia siku tisa mfululizo, mambo ya duka na mbuzi wa Kigamboni, na mimi nilikuwa natafuta pa kupitisha msumeno.

"Nisamehe, Bi Mahfudha," nikasema.

Hakusema kama amenisamehe. Aliniuliza, "Na wewe, mumeo alipofariki, ulikaa siku ngapi?"

Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema zaidi ya kwamba ni marehemu. Nikamjibu kama ninayesoma ripoti. Gibson alifariki Jumanne, kwa shinikizo la damu. Tulimzika Tukuyu Ijumaa. Jumamosi niligawa nguo zake kwa wadogo zake. Wiki haijaisha nikauza kitanda, nikapaka chumba rangi, na Jumatatu ya pili nilikuwa darasani nafundisha sehemu na desimali. Halafu nikatafuta nyumba nyingine, ndiyo hii. Watu walinisifu. Walisema mwanamke jasiri.

"Ukakata mpaka tawi la kupumulia," Bi Mahfudha akasema.

Nilichukua mkasi wangu nikaenda nyumbani, na nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Nilipika kwa hasira, nikafua kwa hasira, nguo ambazo hata hazikuwa chafu. Nani kamwomba anipimie mimi msiba wangu?

Kesho yake saa kumi ilipofika, miguu ikanipeleka yenyewe. Hapakuwa na kitumba hata kimoja cha kuchuma. Nikang'oa magugu mawili yaliyokuwepo, nikakosa kazi, nikarudi kuchukua kigoda, nikakaa chini ya dirisha. Pazia likafunguliwa. Bi Mahfudha akaendelea kuhusu Yazid na mapazia palepale alipokuwa ameishia Februari, na safari hii nilimjibu maneno kamili. Ijumaa ile bakuli la bluu lilitoka kwao na mkate wa kumimina, bado wa moto.

Basi tukaendelea hivyo Aprili na Mei, mvua ikinyesha nakaa na mwavuli. Mti uliongezeka. Majani yalitoka mapana, ya kijani kizito, ule upara wa chini ukafichika. Lakini majani si maua, na mimi nilikuwa nahesabu siku kuliko mwenye eda. Alikuwa ameniambia jambo moja ambalo lilininyima raha. Alisema akitoka hatataka udi kwanza, wala marashi ya dukani. Anataka asumini ya mume wake. Asipoipata, alisema, hata hivyo atatoka, sheria ni sheria, ila ataona kama katoka mtu mwingine. Hakunilaumu alipolisema. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo lilinichoma zaidi.

Wiki ya tatu ya Mei ncha zikaanza kufunga. Vitumba vya kijani, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Nilivizungukia kama askari wa benki. Kimoja kilidondoka kwa mvua, viwili viligugunwa. Ijumaa jioni, mkesha wa siku yake ya kutoka eda, vilibaki tisa, na vyote vilikuwa bado na ukijani. Nilimpigia Marselino simu kumuuliza kama kuna dawa ya kuviharakisha. Akacheka, akaniambia, "Mama, hapo hata mie nakaa nasubiri."

Jumamosi asubuhi nyumba yao ilijaa wanawake. Ndugu walitoka Msasani na Kigamboni na nguo mpya, birika za kahawa, halua. Nilisikia vigelegele vya taratibu alipotoka kuoga. Mimi nilikaa kwangu. Nilikuwa nimealikwa, Yazid alikuja mwenyewe kunialika, lakini sikuthubutu kupita mbele ya ule mti na kuona rangi ya vile vitumba. Nikachambua mchele ambao haukuwa na mawe.

Saa kumi wageni walikuwa wameanza kuondoka. Nikachukua kisahani, nikavuka uchochoro.

Bi Mahfudha alikuwa amesimama kando ya mwasumini. Tangu Januari sikuwa nimemwona nje ya wavu. Alikuwa amepungua, uso umekuwa mdogo, lakini amevaa gauni jipya la zambarau na jua lilikuwa linampiga usoni, naye hakulikwepa. Mkononi alikuwa na sindano yenye uzi. Nikatazama mti. Vitumba tisa, vyeupe vyote, midomo imefungwa.

"Leo nachuma mwenyewe," akasema, akachukua kisahani kwangu.

Alivichuma kimoja kimoja kwa ukucha wa kidole gumba. Hakuvinusa. Akaniambia niketi kwenye kigoda, akaketi kwenye mkeka wa barazani, akaanza kuvitunga kwenye uzi. Nilidhani atajifunga mwenyewe, na nilikuwa tayari kumsaidia fundo. Vilipokwisha alifunga uzi ukawa duara dogo, akatoa pini kwenye mtandio wake, akanibandika mimi kifuani, upande wa moyo.

Nikamwambia anakosea. Nikamwambia ni vyake, ni vya Mzee Awadh, havipo vingine.

"Vya kesho vipo, vya kijani nimeviona," akasema. "Mie nimetoka leo, nimetolewa na watu, umesikia vigelegele. Wewe hukuwahi kuingia, basi hukuwahi kutoka. Haya, nihadithie. Huyo Gibson alikuwa mtu gani?"

Nilifungua mdomo nimpe ripoti, Jumanne, Ijumaa, Jumatatu. Haikutoka. Kilichotoka ni kwamba Gibson alikuwa akinimenyea chungwa kila nikirudi shuleni, ganda moja refu lisilokatika, analivaa sikioni kama hereni mpaka nicheke. Na kwamba tangu afe sijaonja chungwa. Nikalia mchana kweupe, barazani kwa watu, mwalimu mzima, na Bi Mahfudha hakuniambia ninyamaze. Alisogeza mkeka karibu akauliza ganda lilikuwa refu kiasi gani. Nikampimia kwa mikono. Vitumba vilipoanza kufunuka kifuani mwangu, magharibi ilikuwa imekaribia, na mimi nilikuwa bado naendelea kumwambia.